Tanguo Lililomwangusha Bi Komeo

Jumamosi, 2 Machi

Mvua imeanza leo mchana, na mimi nimeanza kuandika. Mwanangu amenituma. Anasema kwenye mchezo wao kila mtu huandika kidogo alichokiona, ili Jumamosi inayofuata wasishikane mashati kwa ubishi. Nikamwambia mimi sichezi, mimi nashona tu pembeni yenu. Akasema andika hivyo hivyo, mama, una jicho. Basi naandika. Shule nilikomea ya msingi, lakini hati yangu mwalimu mkuu mwenyewe aliisifu mbele ya darasa.

Kwa atakayesoma bila kuujua mchezo: wanacheza hadithi. Wanakaa kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, hapa hapa dukani. Mwanangu, binti yangu huyu, ndiye msimulizi. Anawaambia mko msituni, mbele yenu kuna pango na moshi unatoka, mnafanya nini. Kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, anasema mtu wake anafanya nini, halafu anarusha dadu lenye pande ishirini. Dadu likikubali, jambo limekuwa. Hakuna skrini wala picha. Kila kitu kinatoka kwenye kichwa cha mwanangu, na kichwa hicho nimekizaa mimi, tena kwa shida, kilikuwa kikubwa.

Mvua zikiisha anahama. Amepata kazi mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Kwa hiyo nimeshaapa: msimu huu Jumamosi zake zote ni zangu.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Sare za shule. Bitana imeniishia.

Jumamosi, 9 Machi

Leo yametokea makubwa. Mwenzao mmoja ameoa na mkewe hataki kusikia habari za mapango. Kiti kikabaki kitupu. Waliobaki ni wawili: Muuguzi, aliyesoma na mwanangu na sasa yuko wodi ya watoto, na Mbishi, fundi simu wa ng'ambo ya barabara. Mbishi hilo si jina alilopewa na mama yake, ila mama yake angelijua angelimpa. Ukimwambia mvua inanyesha, anauliza umepimaje.

Mwanangu akanigeukia, akasema, "Mama, njoo ukae hapa."

Nikaacha sindano ndani ya kitambaa. Nikakaa.

Wakaniuliza mtu wangu ni nani. Wao wana wachawi wembamba na wapiga mishale wenye nywele ndefu. Nikasema mimi nataka mwanamke mnene, mlinzi wa lango, mwenye shoka, asiyependa mchezo. Anaitwa Bi Komeo. Mbishi akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini jambazi la kwanza lililotokea, nani aliyelikata? Bi Komeo. Dadu langu lilisimama kwenye ishirini, na mwanangu alinitazama kama nilivyomtazama mimi siku aliyosoma ubao wa duka akiwa hajaanza shule. Mcheza kwao hutunzwa.

Jumatano, 13 Machi

Nimewaambia wateja wote. Mama wa duka la dawa ameuliza kama mchezo wa uchawi hauleti balaa nyumbani. Nikamwambia balaa ni kuwa na mtoto asiye na akili, na hilo mimi silijui.

Jumamosi, 16 Machi

Bi Komeo amekufa, na amefufuka. Niandike taratibu.

Tulikuwa tunavuka daraja, likatoka jitu, likanipiga rungu la kichwa. Nikarusha dadu, likagoma. Mwanangu akasema Bi Komeo ameanguka na hapumui. Mwandishi huyu hana aibu kusema machozi yalimtoka. Ndipo Muuguzi, ambaye mtu wake ni mganga, akanuiza. Manuizo ni maneno ya uchawi ya humo mchezoni. Nuizo lake lilirudisha pumzi, na Bi Komeo akaamka akitukana.

Mbishi hakuchelewa. Akasema huyu sasa anaishi kwa uchawi. Je, akija adui mwenye nuizo la tanguo, lile la kufuta uchawi, si ataanguka tena maiti?

Hapo mwanangu alieleza jambo ambalo sijasikia mtu akilieleza vizuri hivyo, na nimewahi kusikiliza mahakimu. Alinyoosha mkono kwenye taa ya juu ya cherehani. Akasema umeme ukikatika sasa hivi, taa inazimika, kwa sababu mwanga unahitaji umeme kila dakika. Pasi nayo inapoa. Lakini gauni ambalo mama ameshalishona, je, linafumuka? Halifumuki. Umeme ulifanya kazi ukaondoka, gauni limebaki gauni. Tanguo ni kukata umeme. Linazima nuizo linaloendelea. Kilichokwisha kufanywa, kimekwisha. Bi Komeo hashikiliwi na uchawi. Uchawi ulimrudisha, ukaenda zake. Anapumua kwa mapafu yake.

Mbishi akauliza kuhusu upanga wenye uchawi. Akajibiwa huo unasinzia kidogo tu halafu unaamka, kwa sababu uchawi wake umo ndani ya chuma. Akauliza kuhusu mtu aliyegeuzwa chura. Huyo, kama nuizo bado linamshikilia, anarudi mtu, na ajitafutie nguo. Akauliza kuhusu nuizo kali la mchawi mkubwa. Hilo tanguo halilifuti hivi hivi, lazima dadu. Maswali yakamwishia. Mbishi kuishiwa maswali ni habari ya gazetini.

Jumatatu, 18 Machi

Umeme ulikatika mteja akiwa anajaribu gauni. Nikampa somo lote la tanguo gizani. Akauliza kama linatangua na mume. Nikamwambia inategemea, kama anaendelea au amekwisha.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua ya kupiga mabati, tunapigiana kelele kusikilizana. Mbishi alitangua daraja la barafu huku adui wakiwa juu yake, akataka na mto ulioganda chini urudi maji. Mwanangu akasema daraja ndiyo, limeshikiliwa; mto hapana, ulishaganda na baridi ni ya mlimani. Mbishi akabisha. Nikamkatiza mimi: neno la msimulizi ni la mwisho, ukitaka lako uwe msimulizi. Mwanangu akasema ahsante mama, lakini niache mwenyewe. Ana adabu hata akikataa msaada.

Nikawaeleza alivyochelewa kuota meno, nikampeleka kwa madaktari kote, halafu yalipokuja yakaja kama mahindi. Wakacheka. Yeye akawa anapanga karatasi zake.

Ijumaa, 29 Machi

Njia imejaa maji. Hakuna mteja.

Jumamosi, 6 Aprili

Habari njema. Kuna shindano la mchezo huu, ukumbi mkubwa wa maktaba, tarehe kumi na nane mwezi wa tano, wiki moja kabla mwanangu hajahama. Kila meza ina msimulizi na wachezaji watatu. Nikahesabu kwa kidole: mwanangu, Muuguzi, Mbishi na mimi. Kana kwamba wametupima.

Mwanangu ameniomba nishone majoho manne ya kuvaa ukumbini. Nikasema lini nilishindwa? Nimechagua kitambaa cha kijani kizito, bitana nyeusi. La kwangu nitaliwekea mikono mipana, shoka lipate nafasi.

Jumatano, 10 Aprili

Wateja sasa wanajua tarehe ya shindano kuliko tarehe za nguo zao.

Jumamosi, 13 Aprili

Nilikwenda kuleta maji ya kunywa, niliporudi wote watatu walikuwa barazani wanatazama mvua. Mvua ina nini cha kutazama, imenyesha mwezi mzima. Nilipofika wakarudi ndani, Muuguzi akanisifia viatu. Viatu vyangu ni kandambili.

Jumamosi, 20 Aprili

Mchezo mfupi. Mwanangu anaumwa kichwa. Nimemwambia ni mawazo ya safari, nikamkanda mabega. Alikuwa mgumu kama ubao.

Jumamosi, 27 Aprili

Nitaandika, maana niliambiwa niandike ninachokiona.

Leo tulifika mnara wa adui. Mvua ilikuwa kubwa, dirisha nimelifunga, taa inawaka. Adui ni mchawi mzee mwenye pete. Mwanangu alisimulia vizuri, nakiri, ila alisimulia akitazama meza. Akasema mchawi anainua mkono na kutupa tanguo chumba kizima.

Upanga wa Mbishi ukasinzia. Ngao ya nuru ya Muuguzi ikazimika. Sawa, ndiyo sheria. Nikawa tayari nimeshika dadu, nasema Bi Komeo anapanda ngazi. Akasema, "Bi Komeo anaanguka."

Nikauliza amepigwa na nini.

Akasema hajapigwa. Pumzi yake ilikuwa ya uchawi, na uchawi umetanguliwa.

Nikacheka. Nilidhani ni mtego, ananijaribu kama nimeshika somo. Nikamjibu kwa furaha kabisa, kama mtoto anayejua jibu: nikanyoosha mkono kwenye taa, nikasema umeme ukikatika gauni halifumuki, wewe mwenyewe ulisema. Kilichokwisha kimekwisha. Bi Komeo anapumua kwa mapafu yake.

Hakucheka. Akasema, "Siku ile nilikosea, mama. Nimesoma tena."

Nikauliza amesoma wapi, anionyeshe na mimi nisome. Akasema msimulizi ndiye mwenye neno la mwisho.

Nikamtazama Muuguzi. Muuguzi alimfufua Bi Komeo kwa mkono wake, angeweza kunuiza tena, manuizo anayo. Alikuwa anachezea zipu ya mkoba. Nikamtazama Mbishi. Huyu ni mtu aliyebishana na mimi kuhusu rangi ya uzi akiwa ameushika. Huyu alibishania mto ulioganda nusu ya mchana. Nikamngojea. Nikasema moyoni, sasa atauliza, atasema msimulizi, mbona wiki zile ulitoa hukumu nyingine.

Mbishi hakubisha.

Hapo nikajua. Dadu sikulirusha, hakuna aliyeniambia nirushe. Hata nuizo la yule mchawi mkubwa wa maswali ya Mbishi lilipewa dadu. Mimi sikupewa. Walishanizika barazani, leo ilikuwa matanga.

Nikasema haya, nikarudi kwenye cherehani. Wakaendelea. Nilikuwa napinda pindo la joho langu, nikaendelea kupinda, maana ningeacha ningelia, na sikutaka waone. Mwanangu hakunigeukia hata mara moja.

Jumapili, 28 Aprili

Alisema chai ni nzuri. Nikasema ahsante.

Jumatatu, 29 Aprili

Asubuhi ameingia kijana mrefu, amelowa mabega, ana adabu. Shikamoo mama. Marahaba. Akasema ametumwa na msimulizi aje kupimwa joho la nne. Akaongeza, "Nimeambiwa fundi anajua."

Fundi alikuwa hajui. Fundi sasa anajua.

Nikashika tepu nikampima. Mabega, kifua, urefu mpaka kifundo cha mguu. Alikuwa anazungumza, hana kosa huyu mtoto, alidhani nafurahi naye. Kumbe ndiye aliyekuwa bingwa wa mwaka jana, wamemwomba toka wiki ya kwanza ya mwezi. Kwanza alikataa, akasema meza imejaa. Wakamwambia kiti kitakuwa wazi.

Kitakuwa wazi. Bi Komeo alikuwa anatembea, anakata majambazi, anaokoa ngozi zao, na kumbe kiti chake kimeshaahidiwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo ndiyo kazi yangu, ningeanza kutafuta huko.

Nilimwambia kijana aje Ijumaa wiki ijayo. Sijawahi kuchelewesha nguo ya mtu.

Jumanne, 30 Aprili

Nimemngoja mwanangu atoke kazini. Mvua ilikuwa imepumzika, kwa hiyo hapakuwa na kelele ya kujificha nyuma yake. Nikamwambia Bingwa amekuja kupimwa.

Akakaa kwenye kigoda cha wateja. Akasema, "Nilishindwa kukwambia, mama. Ungeumia."

Nikamuuliza, "Na hivi nimefanyaje?"

Akalia. Mimi nilikuwa nimemaliza machozi yangu, nikamwacha alie. Halafu akasema yote. Shindano ni la maana kwake, hatapata meza kama hii huko aendako. Bingwa anajua kucheza mbele ya watu. Na mimi, akasema, kila anapomwingiza joka, mimi nawasimulia yeye alivyoota meno. Kila anapotaka kunyamaza ili waogope, mimi nawaambia mnaona akili hiyo. Wenzake wananipenda, wananicheka kwa mapenzi, lakini hakuna anayeogopa joka la mtoto ambaye mama yake yuko hapo anamsifu.

Hilo lingeniuma, lakini lingekuwa la kweli, na la kweli huwa napokea. Angesema mama, ukumbini nakuomba usikae mezani. Ningenuna siku mbili. Ningesema nilikubeba tumboni. Halafu ningeshona joho la huyo kijana na kumwekea mfuko wa ndani.

Nikamuuliza kwa nini tanguo. Kwa nini asimuue Bi Komeo kwa rungu, kwa joka, kwa kitu cha heshima.

Akasema kwa rungu Muuguzi angeweza kumfufua tena, na mimi ningeomba. Alitaka njia ambayo haina kurudi. Alidhani Bi Komeo akifa hivyo nitachoka mwenyewe, nirudi cherehani bila mtu kuniambia.

Kwa hiyo hakukosea siku ile. Alikaa akafikiri, akatafuta katika mambo yote aliyonifundisha lile ninalolijivunia zaidi, akalipindua. Binti yangu ana akili sana. Nimesema hivyo miaka yote na nilikuwa sahihi.

Ijumaa, 10 Mei

Joho la nne limechukuliwa. Limemkaa kama alizaliwa nalo. Lile nililokata kwa kipimo changu nimelifumua, kitambaa nimekirudisha rafuni.

Jumamosi, 11 Mei

Wamecheza nyumbani kwa Muuguzi. Mvua ya manyunyu. Meza nimekatia mapazia.

Jumamosi, 18 Mei

Leo ndiyo shindano. Nilipiga pasi majoho yote asubuhi. Mwanangu aliuliza mlangoni kama nitakuja hata kukaa kwenye viti vya watazamaji. Nikasema nina bibi harusi. Bibi harusi sikuwa naye.

Wameshinda. Alinipigia, kelele nyuma yake, analia na kucheka. Nikampa hongera, na hongera hiyo ilikuwa ya kweli. Halafu nikakaa na simu mkononi.

Jumapili, 19 Mei

Muuguzi amekuja peke yake. Hakukaa. Akasema kuna jambo nitalisikia mtaani, ni afadhali nilisikie kwake, kwa sababu tangu ile Jumamosi halali vizuri.

Ukumbini majaji huwapa kila msimulizi fumbo la kuamua papo hapo. Mwanangu alipewa hili: kijiji kizima cha wagonjwa kimeponywa kwa uchawi, adui anatupa tanguo juu ya kijiji, nini kinatokea? Wasimulizi wengine walikuwa wamekwama hapo hapo. Mwanangu akasimama, akanyoosha mkono kwenye taa za ukumbi, akasema umeme ukikatika taa zinazimika, lakini gauni lililokwisha kushonwa halifumuki. Waliopona wamepona. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Muuguzi anasema ushindi ulitoka pale.

Alisimama akingoja nimtukane. Nikamshukuru. Nikamwambia amefanya vizuri kuja na asirudi na mvua, nikampa mwavuli.

Basi sheria zipo mbili. Kuna ya ukumbini, kwa wanakijiji ambao hata hawapo, wote wamepona na wanaendelea kuishi. Na kuna ya nyumbani kwangu.

Jumatano, 22 Mei

Jua kidogo. Nimeanika godoro.

Jumamosi, 25 Mei

Ameondoka leo asubuhi. Nguo zake nimezikunja mwenyewe, vifungo vyote nimevikaza, kwa sababu huko hajui fundi.

Kabla ya gari kuja alikaa tena kwenye kigoda. Akasema amefikiri, akija likizo atamfufua Bi Komeo. Atawaambia wenzake ile hukumu ilikuwa mbaya, wataianza upya, kiti changu kitakuwepo.

Nikamwambia asimfufue. Akauliza kwa nini, sauti yake ilikuwa ile ya utotoni. Nikasema nikikaa pale tena, kila utakapofungua mdomo nitakuwa natazama Mbishi anabisha au ananyamaza. Huo si mchezo tena, ni ulinzi, na mimi nimechoka kulinda lango.

Akasema, "Nisamehe, mama."

Nikamwambia nimemsamehe, na kesho nitamsamehe tena, maana naona halitoshi la mara moja. Nikamwambia, "Siku nyingine ukitaka nitoke chumbani, sema mama toka. Miguu ninayo."

Nikambebea begi mpaka barabarani. Akanikumbatia, nikamkumbatia. Gari lilipokata kona niliona anatazama nyuma, nikapunga mkono, kwa sababu ni mwanangu.

Jumatatu, 27 Mei

Mvua zimekwisha, vumbi limeanza. Mama wa duka la dawa amekuja na kitambaa cha sketi. Akauliza vipi yule binti yako, nasikia ameshinda ukumbi mzima.

Nikasema hajambo.

Akangoja niendelee. Ananijua, alikuwa ameshaegemea meza, mkoba ameuweka chini.

Nikamwambia ainue mikono, nikampima kiuno.